Mizani

Mkono wangu wa kulia umeanza kunisaliti.
Jana chai ilimwagika kabla ya kufika mdomoni,
juzi uzi ulilikataa tundu la sindano
mpaka Mbeyu, mwanangu, akasema, "Lete, mama,"
kwa sauti ya mtu mzima.
Usiku vidole vyashikwa na ganzi,
vyavuma vyenyewe kama mzinga wa nyuki
ilhali mashine iko Barani, kabatini, imelala.

Miaka sita nang'arisha magari ya watu:
Prado za hoteli zilizolambwa na chumvi,
tuktuk ya Karisa Ngumbao atakaye ajione mlangoni,
na sasa hili jeusi, la mwenye nyumba kule Casuarina,
jeusi lisilomfichia mtu kosa.

Mashine yangu ina mizunguko miwili:
kichwa chazunguka, na huku chayumba kando ya kitovu chake.
Ndani, upande wa pili, kuna kipande cha chuma.
Kazi yake moja tu:
kuvuta kule, sponji ivutapo huku.
Nilikiona siku bolti ilipolegea.
Kimeumbwa kwa sponji ya inchi sita,
nami, kwa ajili ya mikunjo ya milango ya siku hizi,
nafunga ya inchi tano tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Miaka miwili chuma kinamvuta
mwenzake aliyekwisha kuondoka,
na kinachobaki
chaingia mkononi mwangu.

Nikaenda kwa Awadh sonara,
aliyeipima pete yangu ya ndoa siku ya kuinunua
na tena siku ya kuiuza.
"Nyevu, leo umeleta nini?"
Nikatandaza juu ya kitambaa chake chekundu
sponji mbili, mabamba yake, na kile chuma cheusi kwa grisi.
Hakucheka. Alizima feni kwanza.
"Upepo nao una uzani," akasema.

Inchi sita na bamba lake: gramu mia moja tisini na mbili.
Inchi tano: mia moja hamsini na nne.
Akaandika kwa penseli nyuma ya risiti.
"Thelathini na nane. Ingekuwa dhahabu, ningefunga duka nikalale."
Thelathini na nane,
mara elfu nne kwa dakika,
mara kila gari nililowahi kuligusa.

Wala si hesabu ya kutoa tu.
Chuma kiko mbali na kitovu kuliko sponji,
kidogo chake ni kingi.
Basi tukanoa kwa tupa yake ya bangili,
nikarudi Barani, nikabana mashine kwenye jiliwa,
mgongoni nikaiwekea kifuniko cha soda chenye maji.
Yakaruka.
Nikarudi kwake. Tukanoa.
Yakaruka, si sana.
Mara ya tatu jasho limenilowesha leso,
nikawasha, nikainama kutazama:

Mashine imenyamaza, haina tena kilio,
Chuma kimepata mwenza, chanda na pete ni hao,
Jeusi nalibembeza, mlango wawa kioo,
Mkono ukajilaza, ukasinzia kwa leo.

Ubeti mmoja tu.
Kwenye mlango wa pili sponji ilikwisha kulewa dawa,
imenona gramu tisa, labda kumi,
na mtetemo ukarudi, mdogo,
kama mgeni aliyesahau miwani yake.
Nikavua sponji, nikavaa kavu.
Sasa zipo nne, nimeziandika uzani kwa kalamu ya wino mzito,
na Tsofa, kijana wa kuosha, ananicheka:
"Shangazi, unauza samaki?"

Mkono bado. Chai najaza nusu kikombe.
Uzi anatunga Mbeyu.

Unga wa chuma Awadh aliufagia kwa mazoea,
kwa ile brashi ndogo isiyopoteza chembe,
akaufunga katika karatasi ya waridi, akanipa.
Nimeuweka kabatini, kando ya mashine.
Sijui wa kufanyia nini.
Kila nikifungua mlango naunyanyua kidogo,
naupima kwa kiganja,
naurudisha.